Rando Moja, Bonde Zima

Bustani zetu za bonde la Maipi zilipoanza kuugua tulilaumu mvua. Majani ya viazi yalijikunja kama masikio ya mbwa aliyepigwa, vikonyo vikaota vigaga vya kahawia, na ukifukua tuta ulikuta mizizi myembamba kama vidole vya mtoto mahali palipotakiwa kuwa na viazi. Nguruwe walilia kutwa. Kwetu nguruwe ndiye mahari, ndiye fidia, ndiye heshima ya mtu mbele za watu. Akilia njaa, mwenye nyumba hainui uso.

Bustani moja tu ilibaki kijani. Ilikuwa ya Takawan.

Takawan alikuwa mjane asiye na mtoto. Aliolewa hapa kutoka bonde la ng'ambo ya mlima, na mumewe alipokufa hakurudi kwao. Alilima peke yake juu kwenye mteremko, chini ya mivinje, wala hakuwa mtu wa kubembeleza watu. Ukipita bila kumsalimu alikutukana wewe, mama yako na nguruwe wako. Mwaka ule sakitu, umande ulioganda kuwa barafu, ilipounguza kila kitu na sisi tukakimbilia kwa ndugu zetu mabonde ya chini, yeye alibaki. Aliyafunika matuta yake kwa nyasi, akalala kwenye moshi wa jiko. Tuliporudi hatuna hata rando la viazi la kupanda, yeye alikuwa tayari anachuma majani. Hilo watu walilikumbuka baadaye, na hawakulikumbuka kwa wema.

Mimi naitwa Wandis. Mume wangu Lambu ndiye diwani wa huku, na udiwani wake ulitokana na sakitu hiyohiyo. Aliteremka mjini akahangaika milango ya watu mpaka akapata lori limejaa marando, akarudi nalo amesimama juu ya mzigo kama bwana harusi. Kila nyumba ilipata furushi. Wanawake tulilia kwa furaha. Uchaguzi ulipofika, angechaguliwa nani mwingine?

Sasa, Jilda Pakane ni mtoto wa dada yake Lambu. Alisoma hadi akawa mtaalamu kwenye kituo cha utafiti wa mazao, huko chini kwenye joto, na msimu ule wa ugonjwa alikuja kukusanya majani ya viazi. Kituo kilitaka kujua nchi bado ina aina ngapi za viazi vya kweli, na ngapi ni majina matupu. Nilizunguka naye nyumba kwa nyumba; mimi mke wa mjomba wake huniita shangazi.

"Hili mnaliitaje, shangazi?"

"Hilo ni Lori."

"Na hili la jirani?"

"Mke wa Padri. Kule kwa Kasen wanaliita Njoo Tule."

"Mbona yanafanana?"

"Hata wewe na mama yako mnafanana. Andika."

Akacheka, akachuma jani changa, akalitia kwenye kifuko chenye punje za kunyonya unyevu, akaandika jina juu yake.

Kwa Takawan tulipokelewa na mti wa kuchimbia, ameushika kama mkuki.

"Wewe ndiye mtoto wa yule dada mwenye miguu ya korongo?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Miguu umeirithi, pole. Unataka nini?"

"Jani mojamoja la kila aina uliyonayo."

"Majani chukua. Viazi vyangu usiguse. Na usiniulize nani alinifundisha, maana huko chini wameshajijibu wenyewe."

Bustani ile ilikuwa vurugu tupu. Majani ya mviringo yamepandiana na yaliyopasuka kama mguu wa bata, ya zambarau yamelala juu ya meupe. Mengine alipewa na mama yake siku ya kuolewa, mengine alibadilishana na watu misibani, mengine yalijiotea yenyewe kutokana na mbegu za maua na yeye hakuwa na moyo wa kuyang'oa. Jilda alipiga magoti tuta kwa tuta. Niliona pia, kwa macho yangu, aina mbili zenye vigaga kama vyetu. Zilikuwa zinakufa katikati ya nyingine, na hizo nyingine hazina habari.

Tulipokuwa tunateremka tulimkuta Kasen amekaa kwenye gogo la kuvukia mto. Kasen alikuwa kijana mwenye nguvu na mwenye nguruwe wengi, na nguruwe wake ndio waliokonda kuliko wote.

"Amewapa viazi?"

"Amenipa majani, kaka," Jilda akasema.

"Na hujajiuliza kwa nini vyake haviumwi?"

"Ni ugonjwa wa ukungu, Kasen. Unapenda mvua."

"Ukungu!" Akatema mate mtoni. "Ukungu gani huo unaochagua milango?"

Jilda akavuka gogo. Aliniambia baadaye kwamba swali lile lilimfuata hadi maabara likakaa naye kwenye kiti.

Kazi ya maabara alinieleza hivi. Ndani ya kila jani mna uzi mwembamba mno ambao jicho halioni, na kwenye uzi huo kuna alama. Analitwanga jani, anautoa uzi, anaziongeza alama ndani ya mashine mpaka zinaonekana kama michirizi kwenye picha. Mimea ya mama mbalimbali ina michirizi mbalimbali. Vipande vilivyokatwa kwenye rando moja hulingana mchirizi kwa mchirizi, hata ukivipa majina ya watakatifu wote.

Picha ya Maipi ilipotoka, Lori, Mke wa Padri, Njoo Tule na majina mengine yote ya bonde yalilingana. Mkuu wake akamcheka. "Umetia jani moja kwenye vifuko vyote, binti. Anza upya." Akaanza upya, kuanzia kutwanga. Picha ikatoka vilevile. Akaongeza alama nyingine ambazo hakuwa amezitumia, na bado hapakuwa na tofauti hata moja. Lakini majani ya Takawan yalitawanyika kila upande wa picha. Kilima kimoja cha mjane kilibeba utofauti kuliko bonde zima lililokuwa chini yake.

Alikuwa bado anaitazama picha hiyo simu yangu ilipoingia.

Asubuhi ile nilikuwa nimepanda kilimani mahali ambapo mtandao hushika. Robin, mdogo wake Kasen, alikuwa amefariki. Kijana mzuri, mcheshi, alikonda kidogo kidogo kama bustani zetu, asubuhi moja hakuamka. Kabla matanga hayajaisha, Kasen alimleta mpiga ramli kutoka bonde jingine, na mpiga ramli akazunguka na kipande chake cha mwanzi hadi mwanzi ukaelekea juu kwenye mivinje.

"Jilda, wamemchukua Takawan."

"Akina nani wamemchukua? Mjomba yuko wapi?"

"Mjomba wako yupo. Amesimama."

"Amesimama anafanya nini?"

"Nimekwambia, mama. Amesimama."

"Polisi?"

"Daraja la barabara kuu limekatika. Wamesema watakuja kwa miguu. Wakifika watakuta majivu."

"Nakuja kwa njia ya juu. Shangazi, wacheleweshe. Lia, zimia, fanya lolote."

Sikuzimia. Nilirudi uwanjani nikasimama na wanawake wenzangu, na sitasema tulifanya kitu, maana hatukufanya. Takawan alikuwa amefungwa tangu asubuhi kwenye nguzo ya banda la mikutano. Mchana ulikuwa mweupe, hata wingu hakuna. Moto ulikuwa umewashwa na kipande cha chuma kimelazwa ndani yake. Walikuwa wameshamgusa nacho mara moja pajani, na harufu yake ilikuwa bado imening'inia pale.

"Moyo wa Robin umeuficha wapi?" Kasen alikuwa akiuliza, maana kwetu husemwa mchawi huua kwa kuiba moyo. Hakuwa anapiga kelele. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Ningekuwa najua kuiba mioyo," Takawan akajibu kwa sauti iliyokatika, "ningeanza na wako, nione kama upo."

Gari la kituo lilitokea juu ya barabara ya mlimani, limejaa tope mpaka kwenye vioo. Dereva, mtu mmoja mnene aitwaye Mondo, aliligeuza likatazama lilikotoka na hakuzima injini. Jilda akashuka. Viatu vilimbaki kwenye tope, akaja pekupeku.

Wanaume walimzibia. Akasimama mbele yao akapaza sauti.

"Wajomba zangu! Mimi nimetoka tumboni mwa dada yenu. Mlipokea nguruwe kwa ajili yake, na mlinipokea mimi nilipozaliwa. Nina neno."

Hilo hakuna aliyeweza kulikataa. Mtoto wa dada huwezi kumsukuma. Wakampisha.

"Sema uondoke," Kasen akasema. "Na usije ukalia hapa, utatuzimia moto."

"Uliniuliza swali pale mtoni. Ukungu gani unachagua milango. Nimekuja kukujibu."

"Jibu."

Akaitoa ile picha, akaitazama, kisha akaikunja akairudisha mfukoni. Nadhani aliona jinsi ingeonekana, karatasi ndogo mbele ya chuma chekundu.

"Lori," akasema. "Mke wa Padri. Njoo Tule. Shingo ya Bata. Majina yote mliyonipa. Nimetazama ndani ya majani hayo mara mbili, na mara ya tatu kwa namna nyingine. Si ndugu, si mabinamu. Ni rando moja. Bonde zima mmepanda rando moja, mkalikata vipande na kila nyumba ikalipa jina."

"Langu lina ngozi nyeupe!" mwanamke mmoja akasema nyuma yangu.

"Huo ni udongo wako, mama. Damu ni ileile." Akawageukia wanaume. "Siku za vita mnalala wapi? Mnalala wote nyumba moja?"

Mzee mmoja akaguna. "Nani mjinga huyo? Adui atahitaji kiberiti kimoja tu."

"Ndivyo mlivyopanda. Ukungu ulipata njia ya kuingia kwenye rando moja, ukawa umeipata njia ya nyumba zenu zote. Takawan ana mama wengi bustanini kwake. Ugonjwa ukimpata mmoja, wa pili anaushinda. Na usidhani haujafika kwake. Umefika."

"Uongo," Kasen akasema.

"Si uongo." Sauti ilikuwa yangu. Sikujua ningeitoa. "Nimeziona aina mbili zina vigaga kama vyetu. Panda ukatazame, Kasen. Ziko kwenye tuta la chini, karibu na uzio."

Watu wakaanza kuongea wao kwa wao. Nilihisi kitu kinalegea, nikaanza kuvuta pumzi. Ndipo Kasen akainua mkono. Hakuwa mjinga yule.

"Sawa. Rando moja limetuua wote. Sasa, binti wa dada yetu, tumalizie. Rando hilo liliingiaje hapa? Lililetwa na nani?"

Nilimwona Jilda akifungua mdomo, kisha nikauona uso wake ukibadilika. Alikuwa hajalifikiria hilo. Alikuja na jibu lake mbio mlima mzima na hakuona mwisho wake unaelekea kwa nani. Watu hawakumsubiri. Kichwa kimoja kiligeuka, kisha kingine, hadi wote wakawa wanamtazama mume wangu.

Lambu alikuwa ameegemea uzio tangu asubuhi. Nimeishi naye miaka mingi. Najua akiogopa hukwaruza kidole gumba kwa kingine. Alikuwa anakikwaruza. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni lori la mtu mwingine, ni la serikali, ni la misheni, lolote.

Akatoka kwenye uzio.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyelileta. Kila mtu hapa anajua, Kasen, mbona unauliza kama hakimu? Mlipolipokea mlicheza ngoma. Wewe ulinibeba mabegani kutoka kwenye lori mpaka kwangu, ukaniita baba." Alifika kwenye moto akasimama kati ya moto na nguzo. "Nilipewa aina moja nikachukua aina moja. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kuwa mtu mkubwa. Kama bustani zinamtaka mtu wa kuchomwa, basi ni mimi. Haya. Chukua chuma."

Kasen akakichukua kweli.

Ndugu za Lambu wakasogea mbele, na ndugu za Kasen nao wakasogea. Niliona mkono ukishika panga, kisha nikaona mingi. Mondo akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, na hakuna aliyemcheka. Hivyo ndivyo vita huanza kwetu, na vikianza watoto wa watoto hurithi.

"Viazi umevieleza," Kasen akamwambia Jilda, bila kumwondolea Lambu macho. "Umesoma, umevieleza vizuri. Na Robin? Niambie Robin alikuwa rando gani."

Jilda angeweza kusema kitu chochote. Wengi wetu tungesema.

"Sijui, Kasen," akasema. "Sijui kilichomuua ndugu yako. Najua tu kwamba bustani ya huyu mama si ushahidi."

"Basi hujui kitu."

"Alikuwa anakohoa damu."

Aliyesema ni Aklen, mama yao Kasen na Robin. Alikuwa amekaa chini tangu asubuhi, amejipaka udongo mweupe wa msiba mwili mzima, hajasema neno tangu mazishi. Tulikuwa tumemsahau.

"Mama, nyamaza," Kasen akasema.

"Nimenyamaza vya kutosha. Alikuwa anakohoa damu tangu mavuno ya mwisho. Zahanati walimpa vidonge akavimeza kidogo, akapata nafuu, akavitupa. Akaniambia, mama, ukimwambia Kasen hatanipeleka tena mjini kucheza mpira. Akaniapisha." Alijiinua kwa shida, udongo ukimbanduka magotini. "Nguo zenye damu nilifua mimi. Nilizifua mtoni kabla hujaamka. Mwanangu mmoja ameshakufa. Huyu mwingine asiwe muuaji mbele ya macho yangu."

Akamfikia, akaishika ile mikono mikubwa, na chuma kikaanguka kwenye nyasi. Nyasi zikawaka kidogo, mtu akazikanyaga. Kasen alipiga magoti pale pale akalia kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mwanamume mwingine. Alikuwa hajamlilia mdogo wake bado. Alikuwa na kazi ya kumtafuta mwenye makosa.

Mpiga ramli tulimtafuta tukamkosa.

Tulimfungua Takawan, mimi na Jilda. Vifundo vya kamba vilikuwa vimekaza, nikavilegeza kwa meno. Alipotoka kwenye nguzo hakuweza kusimama.

"Polepole," akasema. "Na huyu mwenye miguu ya korongo asinibebe, ataniangusha."

Mondo akambeba. Wakaondoka kwa njia ya juu mpaka hospitali, Jilda amekaa nyuma amekipakata kichwa chake.

Kidonda kilichukua muda mrefu kupona. Kaka zake Takawan walikuja kutoka ng'ambo ya mlima na mashoka, wakadai fidia, na ilikuwa haki yao. Ukoo wetu ulilipa nguruwe waliokonda. Kuwapitisha mbele ya wageni ilikuwa adhabu yenyewe. Kasen alitoa nguruwe wake wote. Polisi walimpeleka mahakamani pamoja na wenzake wawili, akafungwa.

Bustani zikabaki zinakufa, na juu pale marando ya Takawan yanatambaa nje ya uzio, hakuna mtu anayethubutu kukata hata kipande. Mwishowe tulikwenda hospitali sisi wanawake, na Lambu nyuma yetu. Tulipeleka viazi vya kuchoma majivuni, vidogo, vya aibu. Takawan alivitazama.

"Hivi ndivyo mnavyokula?"

"Ndivyo tulivyo navyo, mama," nikasema.

"Na mmekuja kuomba."

"Tumekuja kuomba."

Takawan alikitwaa kiazi kimoja, akakigeuza mkononi. "Kateni," akasema. "Kila nyumba ikate aina zote, si moja. Atakayekata moja tu kwa sababu ni tamu, nitasikia, na nitakuja kumtukana mpaka kaburini."

"Utarudi lini?" Lambu akamuuliza.

"Sirudi."

Lambu alidhani anatania, akatabasamu. Takawan hakutabasamu. "Nilikaa kwenu wakati wa sakitu, nyinyi mkakimbia. Sasa nakwenda kwetu. Viazi nimewapa, mimi mwenyewe hamnipati."

Na hakurudi. Alihamia kwa kaka yake ng'ambo ya mlima, anachechemea kidogo, na nasikia huko nako wanamwogopa kwa ulimi wake tu. Jilda alikata marando ya aina zake zote akayapanda kituoni, kila aina na mstari wake, jina la Takawan limeandikwa juu ya kibao. Aklen huvuka mlima kumtembelea. Wanakaa, wanamenya viazi, na watu wa huko wanasema mara nyingi hawazungumzi.

Kwetu bustani sasa zina rangi zote. Kuna mwaka ukungu ulirudi, ukachukua aina mbili tatu, ukaishia hapo. Udiwani Lambu aliuacha mwenyewe kabla ya uchaguzi. Watu walimwomba asiuache, akakataa, akasema amechoka kusimama juu ya malori. Siku hizi analima na mimi, jambo ambalo wanaume wenzake wanamcheka nalo. Matuta yake hayajanyooka, lakini nimeacha kuyarekebisha.